Ofisi Buffalo, mteja Dallas

Nilipofungua ofisi ya uwakili Buffalo nilikuwa na leseni ya jimbo moja tu, New York. Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani ni ya serikali kuu, na wakili mwenye leseni hai ya jimbo lolote anaruhusiwa kusimama mbele ya mahakama ya uhamiaji popote nchini. Wateja wanaozungumza Kiswahili walipoanza kunipigia kutoka Ohio, Kentucky na Texas, niliwapokea.

Jambo la kwanza ninaloandika juu ya faili, kwa wino mwekundu, ni tarehe mteja aliyoingia nchini. Ombi la hifadhi linatakiwa liwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu siku hiyo, na ukichelewa vipengele vya kukuokoa ni vichache.

Nilichokosea kilikuwa kitu kidogo kuliko sheria. Mama mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa akiishi Dallas, nilimwambia kesi yake itasikilizwa kesho saa mbili na nusu. Mimi ni mtu wa Tanga; kwangu hiyo ni 8:30 asubuhi. Yeye alizoea kuhesabu saa kama Wafaransa, akaelewa 2:30 mchana. Jina lake likaitwa, hayupo. Mtu asipofika, jaji anaweza kuamuru aondolewe nchini bila kumsikiliza. Nilisimama nikakiri kwamba kosa ni langu, nikaomba kesi isogezwe mwisho wa orodha. Jaji akakubali, na mama akafika akihema. Siku hiyo mikono ilinitetemeka hadi jioni. Tangu hapo kila mteja nampelekea ujumbe wenye saa kwa tarakimu, asubuhi au mchana, na jina la mji, kwa sababu Dallas iko nyuma ya Buffalo kwa saa 1. Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake.

Alipopata hifadhi, akaniita kwa Kifaransa kama wakili anavyoitwa, "Maître, sasa unisaidie niachane na ule bwana." Talaka ni sheria ya jimbo, na leseni ya Texas sikuwa nayo. Hata kumwandalia karatasi moja kungekuwa kufanya uwakili bila kibali, na ningewaponza wateja wangu wote. Nilimkatalia. Alinyamaza muda mrefu, na ule ukimya uliniuma. Nilimtafutia wakili wa hukohuko, nikakaa kwenye simu nikiwatafsiria bila malipo.

Yeye ndiye aliyenisukuma kutafuta leseni ya Texas. Mtihani wa uwakili nilioufanya New York mwaka 2018 ni ule unaotambuliwa na majimbo mengi. New York inataka alama 266, Texas 270. Texas ilianza kuutumia Februari 2021, na alama zangu zilitosha, nikaomba zihamishwe. Mzigo uliongezeka: ili kubaki na leseni, New York inadai saa 24 za masomo kila miaka 2, Texas 15 kila mwaka. Leseni ilipofika, talaka yake ilikuwa imeshakwisha. Nilimpigia hata hivyo, nikamwambia nimeipata. Akapiga vigelegele kwenye simu.