Yona: Njiwa Aliyemezwa na Samaki

Nilipokuwa darasa la nne, wenzangu walikuwa na mchezo ambao mimi sikuupenda hata kidogo. Mvua kubwa ilipoanza kunyesha, walinishika mikono na miguu, wakaninyanyua juu na kutangaza kwamba Yona sharti atupwe majini ili dhoruba itulie, kisha wakanibwaga kwenye dimbwi lililokuwa karibu. Nilipomwuliza baba kwa nini alinichagulia jina lile, alinijibu tu kwamba ni fupi na hakuna karani atakayelikosea. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipokuja kufahamu kwamba katika jina langu hamna samaki kabisa. Kuna njiwa.

Kwa Kiebrania, yona ni neno la kawaida kabisa la njiwa, lile lile analolitumia mtu anayemwonyesha mtoto ndege aliyetua dirishani. Ndilo neno lililomo katika sura ya 8 ya kitabu cha Mwanzo, pale Nuhu anapomwachilia njiwa kutoka safinani, na jioni ndege huyo anarudi na jani bichi la mzeituni mdomoni. Kwa kuwa neno lenyewe lina jinsia ya kike katika sarufi ya Kiebrania, jina hili huko Israeli huitwa wanaume na wanawake vilevile. Mshairi Yona Wallach, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1985, alikuwa mwanamke.

Tumezoea kumwona njiwa kuwa alama ya amani, lakini waandishi wa Kiebrania walimwona pia kuwa ndege wa kukimbia. Mwandishi wa Zaburi ya 55 anatamani mbawa za njiwa ili aruke aende mbali akapumzike, naye Hosea, katika sura ya 7, anaifananisha Efraimu, yaani ufalme wa Israeli wa kaskazini, na njiwa asiye na akili, anayeiita Misri huku akielekea Ashuru. Sasa mfikirie nabii aliyeagizwa kwenda Ninawi, ambaye badala yake anateremka hadi Yafa, analipa nauli na kupanda merikebu ya kwenda Tarshishi. Kwa maoni yangu, msikilizaji wa Kiebrania aliyesikia kwamba mtoro huyo anaitwa Njiwa alikwisha kutabasamu kabla samaki hajatokea.

Tabasamu hilo halikuvuka mpaka wa lugha. Wafasiri walichukua sauti ya jina wakaiacha maana yake: Wagiriki waliongeza herufi ya mwisho iliyohitajiwa na sarufi yao, likawa Ionas, na ndiyo sababu leo kuna Jonas, jina linalopendwa sana Ujerumani na katika nchi za Skandinavia. Sauti hiyo hiyo ya mwisho inasikika katika Yunus, jina la sura ya 10 ya Kurani na la wanaume wengi mno katika ulimwengu wa Kiislamu. Humo samaki amekaribiana na nabii kiasi cha kuwa sehemu ya lakabu yake, kwa maana katika Suratul Anbiyaa anatajwa kuwa Dhun-Nun, yaani mwenye samaki. Waturuki wamekwenda mbali zaidi: katika lugha yao yunus ni pomboo, hivyo neno lililoanza safari likiwa na mabawa limeishia kuwa na mapezi. Mabaharia wa Kiingereza nao walimwita Jonah mtu yeyote aliyedhaniwa kukileta chombo chao mikosi, na wala sidhani waliwahi kuwasikia wanafunzi wa darasa letu.

Hapa niondoe utata ambao hunisumbua karibu kila ninapojitambulisha. Yona si kifupisho cha Yonathani, ambalo maana yake ni kwamba Mungu ametoa, na halina ndege wala manyoya. Vilevile Jonas wa Lithuania si ndugu yangu, kwa kuwa huko jina hilo ni umbo la Yohana.

Njiwa aliendelea kuishi kule ambako watu waliitafsiri maana badala ya kuibeba sauti. Kwa Kilatini njiwa ni columba, na hilo ndilo jina alilojulikana nalo mtawa wa Ireland aliyezaliwa mwaka 521, ambaye watu wake walimwita Colm Cille, yaani njiwa wa kanisa. Kutokana na heshima waliyokuwa nayo kwake, Waskoti waliwapa watoto wao jina lenye maana ya mtumishi wa Columba, ambalo kwa Kiingereza limekuwa Malcolm, na wafalme wanne wa Scotland waliitwa hivyo. Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi aliyelikataa jina la ukoo alilorithi kutoka enzi ya utumwa, alibaki akijulikana kwa jina la kwanza lililobeba njiwa. Kwa Kihispania ndege huyu ni paloma. Mwezi Aprili 1949, mchoro wa njiwa uliochorwa na Picasso ulipokuwa kwenye mabango ya mkutano wa amani jijini Paris, mchoraji huyo alipata binti, akampa jina la Paloma.

Aliyeng'amua haya yote mapema kuliko sisi ni Adomnán, aliyekuwa mkuu wa monasteri ya Columba na aliyefariki mwaka 704. Mwanzoni mwa kitabu chake cha maisha ya mtakatifu huyo, alieleza kwamba jina la Columba na jina la nabii Yona ni jina moja, kwa kuwa kinachoitwa yona na Waebrania, Wagiriki hukiita peristera na Walatini hukiita columba. Monasteri hiyo ilijengwa katika kisiwa kidogo cha magharibi mwa Scotland, ambako Columba alifika mwaka 563 na kufariki mwaka 597. Adomnán alikiandika kisiwa hicho kwa Kilatini kuwa Ioua, jina lisilohusiana na ndege yeyote. Lakini katika miandiko ya mkono ya zamani herufi u na n zilifanana sana, na baadaye wasomaji walioiona u wakaisoma kuwa n. Hivyo ndivyo kisiwa cha mtawa aliyeitwa njiwa kilivyopata jina la Iona, na karani aliyelikosea hakuna anayemjua.