Sindano, maji na siku 28 za saruji

Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa sababu chembe zake huungana na maji na kuzaa madini mapya yanayoshikamana na mchanga na kokoto, na kazi hiyo huendelea muda mrefu baada ya fundi kukunja zana zake. Ndiyo maana sisi tunaoipima maabara hatutosheki na kipimo kimoja.

Kwanza tunapima kuganda, kwa sindano iliyobuniwa na mhandisi Mfaransa Louis Vicat katika karne ya 19. Uji mzito wa saruji hujazwa kwenye kikombe chenye kina cha milimita 40, uso wake husawazishwa kwa mwiko, kisha sindano nyembamba yenye uzito wa gramu 300 juu yake huachiwa izame yenyewe. Mwanzoni hupenya mpaka ikagonga kioo cha chini. Baadaye huanza kukwama, na inaposimama milimita 6 hivi juu ya kioo, tunaandika kwamba saruji imeanza kuganda. Kila safari sindano hufutwa na kushushwa mahali papya, maana tundu la zamani hudanganya. Kwa saruji ya daraja la nguvu 42.5, namba inayoandikwa kwenye mfuko, muda huo haupaswi kupungua dakika 60 katika nyuzi 20 za Selsiasi.

Kwenye jua la Dar es Salaam mambo huenda kasi zaidi. Kwa hiyo napinga kabisa desturi ya kukoroga lundo kubwa asubuhi kisha kulifufua kwa maji mchana: mshikamano ulioanza huvunjwa, na maji ya ziada huacha vitundu vinavyopunguza nguvu.

Nguvu yenyewe hupimwa kwa kuvunja. Namba 42.5 kwenye mfuko ni nyutoni kwa kila milimita ya mraba, ambazo sampuli ya saruji na mchanga maalumu, iliyotunzwa ndani ya maji, inapaswa kufikisha siku ya 28. Wiki ya kwanza nguvu hupanda haraka, kisha mwendo hupungua. Saruji yenye pozolana, yaani unga kama wa majivu ya volkano, huchelewa zaidi, na huhitaji kumwagiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, mchemraba wa zege uliolowekwa maabara hausemi lolote kuhusu slabu iliyoachwa juani bila maji. Anayejenga ghorofa aombe michemraba mingine iachwe kando ya slabu, imwagiliwe kama slabu inavyomwagiliwa, ivunjwe kabla ya kuondoa mbao na mirunda.