Mbolea Iliyo Hai Katika Bonde la Mama

Huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kutumia mbolea hai katika kipande cha bonde alichorithi mama yangu hapa Pemba, na jambo ambalo ningependa kila mkulima wa mpunga alifahamu kabla hajatoa fedha yake ni kwamba mbolea hii ni kiumbe. Haikai ghalani ikausubiri msimu kama inavyokaa urea, ile mbolea ya chumvichumvi ya dukani. Inahitaji maji na chakula, inaungua kwa jua, na ikishakufa hairudi.

Kinachotafutwa ni nitrojeni, ambayo ni kiasi cha asilimia 78 ya hewa tunayoivuta, lakini mpunga hauwezi kuichukua kutoka hewani kama ilivyo. Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, nayo hufanya kazi haraka, ila katika bonde lenye maji yaliyotuama sehemu kubwa yake hupotelea hewani au huchukuliwa na maji kabla mizizi haijaifikia. Kuna vijidudu, hata hivyo, vyenye uwezo wa kuikamata nitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Baadhi yao, wanaoitwa raizobia, huishi katika vinundu vya mizizi ya kunde, choroko na njugu. Mpunga hauna vinundu hivyo, kwa hiyo msaada wake unabidi upitie njia nyingine.

Njia niliyoanza nayo ni azola, jani dogo linaloelea juu ya maji, ambalo ndani ya vijani vyake limehifadhi vijidudu vya kukamata nitrojeni. Wakulima wa China na Vietnam wamelitumia katika mpunga kwa karne nyingi. Nilipata ndoo moja kwa jirani anayelishia kuku wake, nikaimwaga katika jaruba letu la chini kabisa, ambalo maji hayakauki upesi. Mama alisimama juu ya tuta akaniuliza, "Mwanangu, maisha yangu yote natoa magugu humu, leo wewe walitia kwa mkono wako?" Sikuwa na jibu la kumridhisha siku ile. Azola ikipata maji tulivu, kivuli kidogo na fosforasi ya kutosha huweza kuongezeka maradufu katika siku chache, na baada ya wiki kadhaa jaruba zima lilikuwa limetandikwa zulia la kijani. Tuliliburuga pamoja na matope kabla ya kupandikiza, kwa sababu azola haiulishi mpunga mpaka ioze, kisha tukaacha kidogo ienee tena kati ya miche. Hapo mama akaona faida ambayo sikumwahidi: magugu yaliyozoea kuota katika maji yalikosa mwanga, na palizi ikapungua.

Jaruba la juu lilinifundisha upande wa pili. Bonde letu linategemea mvua, na masika ilipokatika kwa siku nyingi maji yalikauka na azola yote ikafa juu ya udongo uliopasuka. Kwa maoni yangu, asiye na maji ya uhakika asiigharamie.

Kwa majaruba ya juu tunatumia mikunde. Mpunga ukishavunwa, na ardhi ikiwa bado na unyevu, tunapanda choroko badala ya kukimbilia viazi kila mwaka, na mabua yake tunayarudisha ardhini. Mara ya kwanza nilinunua pakiti ya raizobia katika duka ambalo liliiweka rafuni chini ya bati lenye joto kali. Nilipong'oa miche nilikuta vinundu vichache, na nilipovipasua vilikuwa vyeupe ndani, hali ya kuwa kinundu kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi au nyekundu. Mwaka uliofuata niliifuata pakiti yangu mwenyewe, nikaihifadhi mahali pa baridi, nikachanganya mbegu na raizobia hao kwa maji ya sukari chini ya mwembe na kuzipanda siku ile ile katika udongo mbichi. Safari hii vinundu vilijaa, na wekundu wake niliuonyesha kwa kila aliyepita.

Urea hatujaiacha kabisa, na sitamshauri mtu aiache kwa mkupuo. Tumeipunguza, kwa kuwa ardhi ikijazwa nitrojeni ya dukani vijidudu hupunguza kazi ya kuikamata ile ya hewani. Ukanda mmoja tuliuacha bila ya azola wala choroko ili tulinganishe. Mpunga wake ulichipua kwa uchache na majani yakageuka manjano mapema. Msimu mmoja wa bonde moja hautoshi kutangaza kipimo cha mavuno, kwa hiyo ukanda huo tutauacha vivyo hivyo tena.

Kwa sasa azola yetu imo katika beseni kubwa nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha mgomba, yenye maji na samadi kidogo ya ng'ombe. Mama ndiye anayeiongezea maji kila asubuhi, na amekwisha kuchagua jaruba la kuanzia masika ijayo.