Siku ya Slabu: Kutwa Moja na Msimamizi wa Saiti, Sinza

Mama mkwe wangu mpaka leo anaamini nalipwa kwa kuangalia wenzangu wakifanya kazi. Simlaumu. Siku aliyopita saiti alinikuta nimesimama juu ya mbao, mkono mmoja kiunoni, mwingine na simu, na chini yangu vijana wanabeba nondo jasho likiwatiririka. Akasalimia, akaondoka, akaenda kuhadithia. Kwa hiyo leo naandika siku nzima. Nimechagua siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili, maana ndiyo siku ambayo uzembe wa wiki tatu huonekana kwa mara moja.

Saa 10:30 alfajiri

Simu kwanza, mswaki baadaye. Naangalia utabiri wa mvua wa saa kwa saa, kisha natoka nje kuangalia mawingu kwa macho yangu. Kwenye kundi la WhatsApp la mradi naandika: "Tunamwaga leo." Zinakuja dole gumba kumi na kitu. Halafu nawapigia watu wawili na kuongea nao kwa mdomo: anayepanga magari kule kiwanda cha zege, na mwenye pampu. Tiki mbili za bluu hazijawahi kuniletea pampu.

Saa 12:00 asubuhi

Saiti. Mlinzi ananipa taarifa za usiku, mama ntilie ameshawasha jiko, chai ya tangawizi na chapati mbili, nakula nimesimama. Vibarua wanaandikishwa, wanavaa helmeti na buti, wawili wamekuja na kandambili, wanarudishwa. Hapo hapana mjadala.

Saa 1:00

Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na ndiyo saa ambayo hakuna mgeni anayeiona.

Zege likishamwagwa limeficha kila kitu. Kwa hiyo kabla ya lori la kwanza natembea juu ya nondo nikiwa na futi na tableti. Kwenye tableti kuna michoro, na kila mchoro una herufi ya toleo pale kona ya chini. Zamani michoro ilikuwa inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, mtu anapiga picha ya karatasi, anamrushia seremala, seremala anairusha kwa fundi bomba, na toleo B linaendelea kuishi kwenye simu za watu miezi miwili baada ya toleo D kutoka. Kwenye mradi mmoja wa huko nyuma ngazi ilifungwa kwa mchoro uliokufa, ikabomolewa. Sasa mchoro kwenye kundi ni marufuku. Upo kwenye folda moja ya mtandaoni, kila fundi mkuu ana njia ya kuufungua, na karatasi ya zamani ikiletwa ofisini inachorwa msalaba mwekundu mbele ya aliyeileta. Teknolojia tunayoisifia haina maajabu zaidi ya hayo: watu wote wanatazama karatasi moja.

Nimefika balkoni. Balkoni inaning'inia, haina nguzo mbele, kwa hiyo inayoishikilia ni nondo ya juu. Nondo ya juu ikishuka, umejenga rafu ya kuangukia watu. Naweka rula juu ya mbao za pembeni, nashusha futi: nondo inatakiwa iwe milimita 25 chini ya uso wa zege. Inasoma 60. Jana jioni ilikuwa sawa. Kilichotokea ni kwamba fundi umeme amepita na mabomba yake, amekanyaga, viti vya nondo vimelala ubavu.

"Fundi, hebu njoo uone."

Fundi nondo anachuchumaa, anatazama, anatikisa kichwa. Ni mtu mzima, ananizidi miaka mingi, hapendi kuonyeshwa. Hasemi neno. Anamwita kijana wake, wanakata viti vipya, wananyanyua, wanafunga waya, na mimi nasimama hapo mpaka futi inasoma 25 kila nilipoigusa. Kisha naomba mbao ziwekwe za kupitia watu, ili asiwepo anayekanyaga tena. Mbao za kupitia ziliandikwa kwenye mpango wa kazi wiki iliyopita, na kila siku ya slabu lazima nizidai upya.

Biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinua nondo, ziko chini yake, sawa. Matundu ya fundi bomba, sawa. Mirunda (miti) na propu za chuma za kuishikilia slabu kwa chini, sawa, na zile za ghorofa ya kwanza bado zimesimama, kwa sababu slabu ya chini haiwezi kubeba slabu ya leo peke yake. Mhandisi mshauri anafika, anapita nyuma yangu anakagua yale yale niliyokagua, anasaini kibali cha kumwaga. Bila saini hiyo hata ndoo moja haipandi.

Saa 2:00 hadi saa 4:40

Malori manne ya kwanza yanakuja yakifuatana, kyubiki (mita za ujazo) saba kila moja, pampu inasukuma, poka, zile mashine za kutikisa zege lishikamane, zinalia, rula inavutwa, tunajaza kiubi, vibweta vya zege la kwenda kupimwa nguvu maabara. Raha tupu.

Saa 4:40 na kuendelea

Lori la tano halionekani.

Hesabu ni hii: slabu na boriti zake ni kyubiki 49, malori saba. Zimeshaingia 28. Mbele ya pale tulipoishia kuna ukingo wa zege bichi uliokatisha jengo zima kutoka ukuta hadi ukuta, na jua la Dar limesimama juu yake. Ukingo huo ukishika kabla zege jipya halijafika, vipande viwili havitaungana. Vitakaa kama ndugu wasiosemezana, na maji ya mvua yatapita katikati yao mpaka jengo lizeeke.

Nampigia msambazaji wa kiwanda. "Limeshatoka, injinia, liko njiani." Najua kwamba liko njiani. Namwomba dereva anitumie mahali alipo kwa simu. Kidoti cha bluu kiko Barabara ya Mandela, Buguruni, na kimetulia tuli. Napiga: kuna trela limeharibikia kwenye mataa, magari yamefungana. Nakitazama kidoti. Kinasogea upana wa ukucha. Kinasimama. Wenye saiti kubwa wana kamera angani na ramani za rangi, mimi nina kidoti, na kidoti hakijui kuvuka Buguruni.

Hapa ndipo maandalizi yanapolipa. Kwenye oda niliomba zege liwekewe dawa ya kuchelewesha kushika. Inaongeza gharama kidogo, na mdogo wake mwenye jengo alishaniuliza mara kadhaa kama ni lazima. Tunafunika ukingo kwa magunia yaliyolowa. Kila baada ya muda napita na poka: nasimamisha ncha yake kwenye zege bila kuisukuma. Ikizama kwa uzito wake yenyewe, bado tuko hai. Seremala naye ameshakata mbao ya kuzuilia; poka ikikataa kuzama tutafunga slabu kwa mstari ulionyooka katikati ya boriti na boriti, ambako nguvu za kukata ni ndogo, tumalizie siku nyingine. Mbao hiyo ilikatwa jana. Hujawahi kuona seremala akikata mbao vizuri huku watu thelathini wanampigia kelele.

Vijana wamekaa kivulini. Mwenye pampu anaulizia malipo ya kusubiri. Mama ntilie amepandisha wali, anauliza aanze kupakua au asubiri. Kila mtu anauliza mtu mmoja.

Saa sita na dakika ishirini na tano lori linaingia, dereva kalowa jasho. Nachukua hati ya mzigo kabla hajazima injini. Zege limepakiwa saa tatu na dakika hamsini. Saa mbili na dakika thelathini na tano ndani ya ngoma inayozunguka. Tulikubaliana kwa maandishi mwisho ni saa mbili.

Tunapima hata hivyo, ili asiwepo wa kusema nimebahatisha. Koni ya chuma juu ya sahani, matabaka matatu, kila tabaka mapigo 25 ya fimbo. Unanyanyua koni taratibu, unaangalia zege limeshuka kiasi gani. Tuliagiza milimita 120 ili pampu iweze kulisukuma. Limeshuka 40. Limesimama pale kama keki.

"Tunaweka maji kidogo, injinia. Ndoo mbili tatu, linalainika, linapita." Dereva tayari ameshika mpira wa maji.

"Usiweke."

"Kila saiti wanaweka."

"Najua."

Mwenye pampu anaunga mkono upande wa dereva, maana zege gumu linamzibia bomba. Mdogo wa mwenye jengo naye amefika, suruali nyeupe, simu juu anarekodi. "Kwani zege si linatengenezwa kwa maji?" Namweleza, na nitawaeleza na ninyi. Saruji inahitaji maji kiasi maalumu tu ili ishike. Unayoongeza baada ya hapo hayana kazi, yanakauka na kuondoka, na yanapoondoka yanaacha vitundu. Zege la maji mengi linang'aa, linateleza, linawafurahisha wote waliopo siku hiyo, halafu kiubi ikipelekwa maabara siku ya 28 inapondeka mapema. Siku hiyo juu yake kuna kuta, matangi na familia.

Haelewi, au hataki. Anamtumia kaka yake ujumbe wa sauti mbele yangu. Dakika mbili, simu yangu inaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Naambiwa umerudisha gari zima la zege."

"Ndiyo mzee, limechelewa na limeshaanza kukaza."

"Hiyo ni pesa, mwanangu."

"Ni pesa ya kiwanda, mzee. Hati ina saa, na nimepiga picha ya koni. Wao ndio wataleta jingine."

Kimya kirefu. Mzee huyu anajenga kwa kiinua mgongo chake. Kila kyubiki anaijua kwa jina. Sikumtajia ajali ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi likiwa bado linajengwa na kuua watu 36, wala ile ya Kariakoo, Novemba 16, 2024, jengo jingine lilipoporomoka. Anazijua. Wote tunazijua, tunazisahau tu pale lori linaponguruma getini.

"Haya," akasema. "Lakini ya leo uniandikie yote."

Dereva aligeuza gari bila kuniaga.

Lori la sita lilipita njia nyingine, likaingia kabla ya saa saba. Koni: 115. Nilikimbia juu na poka, nikaisimamisha ukingoni. Ilikaa kidogo, ikafikiria, ikazama. Nikamwambia mwenye pampu, washa.

Mchana, saa ngapi sijui

Wali nilikula au sikula, sikumbuki. Namkumbuka kijana mmoja akivuta poka mlalo ndani ya zege kama anayelima, nikamwonyesha kuichomeka wima na kuitoa polepole, tena, na tena. Namkumbuka mdogo wa mzee akimwambia seremala apandishe ukuta wa balkoni uwe mrefu zaidi, na seremala, Mungu ambariki, akimjibu: "Mweleze injinia, aniandikie." Maneno hayo yamenigharimu miezi ya kuyafundisha. Mabadiliko ya mdomoni ndiyo yanayokula bajeti. Hela inatoka kidogo kidogo, na mwisho wa mradi hakuna anayekumbuka aliyeagiza.

Mvua ilidondosha matone kadhaa, tukakunjua nailoni, ikaghairi. Lori la mwisho, lile la kufidia, liliingia jua likielekea kuzama.

Jioni

Pampu inaoshwa, poka zinaoshwa, vibarua wanalipwa kwa simu mmoja mmoja na kila jina linabaki na risiti. Miguu inawaka. Zamu za kumwagilia nazipanga: magunia juu ya slabu, maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, na jina la mhusika kwa kila zamu, maana zamu isiyo na jina huwa haina maji.

Kwenye daladala ndipo najaza shajara ya saiti kwenye simu: hali ya hewa, idadi ya watu, muda wa kila lori kufika, koni ngapi, nani alisimama bila kazi na kwa nini. Inachosha, na ni daftari hilo hilo litakaloongea nikiulizwa miezi sita ijayo kwa nini tumechelewa. Naambatanisha picha ya hati na picha ya koni. Namtumia mzee, nakala kwa mshauri na kwa kiwanda.

Saa 3:50 usiku

Ujumbe kutoka kwa mzee. Nilidhani ni kuhusu lori.

"Ahsante kwa taarifa injinia. Mpangaji wa fremu ya chini anataka kuanza kupaka rangi. Ile miti chini tunaitoa lini?"

Nikamjibu kwamba hakuna mrunda unaotoka mpaka majibu ya kiubi za siku ya 28 yarudi na mshauri asaini.

Dakika moja ikapita.

"Haiwezi kuwa siku saba?"

"Hapana mzee. Usiku mwema."