Sukuma za Georgia na mkate wa mahindi

Hapa Atlanta, Marekani, sukuma wiki haikaangwi ikabaki na ukijani wake. Inatokoswa. Naanza na paja la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi, nalichemsha na kitunguu na pilipili mpaka nyama iachane na mfupa, ndipo natia majani. Moto mdogo, saa nzima na zaidi, halafu siki kidogo. Mchuzi wake wanauita potlikker; huo naupenda kuliko mboga yenyewe.

Mkate wa mahindi nao: kikaango cha chuma kiingie ovenini na mafuta, kipate moto kabisa, ndipo umimine unga uliokorogwa na mtindi na mayai. Ukisikia “chwaa”, ukoko umepatikana. Sukari sitii, wabishi wabishe.

Mume wangu anadai ugali pembeni. Apike mwenyewe.