Gia ya tano ukiwa na trela nyuma

Wenye pikapu za gia za mkono wanaovuta trela za kambi kwenda Watamu au Tsavo huuliza lile lile: ya tano niitie au niiache? Itie, lakini injini ndiyo ikuruhusu. Barabara kunyooka hakutoshi.

Kwenye giaboksi nyingi za gia tano, ya nne ni ya moja kwa moja. Shafti ya kuingia na ya kutoka hushikana zikazunguka pamoja, mzigo haupiti kwenye meno ya shafti ya chini. Ya tano ndiyo ovadraivu, yaani shafti ya kutoka huzunguka haraka kuliko injini; uwiano wake karibu 0.85. Hapo nguvu yote hushukia shafti ya chini, kisha hupandishwa tena na meno ambayo mara nyingi yamekaa nyuma kabisa ya giaboksi. Meno yakisukumana na mzigo mzito muda mrefu, oili hupata joto, huwa nyepesi, na beringi huanza kulia. Giaboksi za gia sita zina mpangilio wao: tafuta kwenye kitabu cha gari gia zenye uwiano chini ya 1.

Kama ya nne kwa kilomita 80 kwa saa inakupa mizunguko 2,500 kwa dakika, ya tano itakupa kama 2,125. Kwa dizeli yenye tabo (kisukuma hewa cha injini), hapo pazuri kwenye tambarare. Ubaya huanza ikishuka karibu na 1,500 huku mguu umezama: tabo haijajaza hewa, moshi mweusi unatoka, na pampu ya maji imepunguza mwendo wakati injini ndiyo inataka kupozwa. Weka kiganja juu ya kijiti cha gia. Kikitetemeka kwa mapigo mazito, kama ngumi mlangoni, injini imelemewa. Rudi ya nne, usikanyage zaidi. Kisha ondoa mkono, maana mkono unaolala pale safari nzima hula foki ya gia, uma unaosukuma gia ndani ya giaboksi.

Barabara ya Malindi ni tambarare kwa sehemu kubwa, kwa hiyo watu husahau upepo. Kusi ikivuma, kwenda Kilifi inakusukuma, kurudi Mombasa inakupiga usoni, na trela refu ni ukuta. Ukitoka 80 hadi 100, ukinzani wa hewa hupanda kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana gia iliyokupeleka vizuri asubuhi inashindwa jioni kwenye lami ile ile. Rudi kwa ya nne, shikilia 80.

Njia ya Nairobi, kuanzia Miritini kupanda Mazeras, sahau ya tano. Shusha gia kabla ya mlima, mwendo ungalipo. Kuteremka, injini ikushikie kwa ya tatu au ya nne. Ukitia fri (bila gia), breki peke yake zitabeba pikapu na trela, na zikichemka hazishiki.

Klachi iliyochoka hujitangaza kwenye gia ya juu. Tia ya tano kwenye mizunguko kama 1,800, kanyaga mafuta yote: sindano ya mizunguko ikiruka na mwendo usiongezeke, inateleza. Usifunge trela mpaka ibadilishwe.

Mwisho, oili ya giaboksi, ambayo wengi hawaiangalii kamwe. Egesha pasawa, fungua bolti ya kujazia kwanza. Ukianza na ya kumwagia halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na giaboksi tupu. Oili ifike ukingo wa tundu, uiguse kwa ncha ya kidole. Giaboksi nyingi hutaka oili ya uzito 75W-90, daraja la GL-4. Usitie GL-5 kama kitabu hakijairuhusu, kwani baadhi yake hudhuru ringi za shaba za kulinganisha gia. Bolti ya kumwagia yenye sumaku, ifute kwenye kitambaa cheupe: uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande kama magamba ya samaki ni meno au beringi, na trela ibaki nyumbani.