Habuba akauliza mkeka wa nani

Siku hizi nikiingia kwenye maonyesho hapa Kampala, kabla sijaitazama kazi yenyewe macho yanakwenda kwenye kikaratasi cha pembeni. Nataka kujua nani kasuka, nani kashona, nani kaligonga lile gome. Mara nyingi nakuta jina moja, na chini yake "vifaa mchanganyiko". Basi.

Nisieleweke vibaya, wasanii hawa nawapenda. Kazi za msanii Sanaa Gateja hunishika miguu. Karatasi zilizokwisha kazi hukatwa vipande vyembamba, zikaviringishwa kuwa shanga, kisha shanga zikashonwa juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti, mpaka zijae. Ukiwa mbali unaona rangi zinatiririka; ukisogea unakuta nusu ya herufi ya gazeti imejikunja ndani ya ushanga. Wingi ule haumalizwi na mikono miwili, na mzee mwenyewe anajulikana kwa kuwafundisha wanawake wengi kutengeneza shanga hizo.

Na hiyo lubugo ina jasho lake. Fundi hukwangua ganda la juu la mti wa mutuba, akachuna gome la ndani, kisha akalifunga shina kwa majani ya mgomba ili lipone na kuotesha gome jingine. Gome hulainishwa kwa moto, halafu hugongwa saa nyingi kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia ya mifereji mipana hadi ya myembamba. Hugongwa bandani, maana jua likiliwahi litakauka kabla halijatanuka. UNESCO imeuweka ufundi huu kwenye orodha yake ya urithi tangu 2008. Jirani yangu mlokole hataki hata kuuona mlangoni kwake. Kwake lubugo ni sanda na masabo, yaani vibanda vya mizimu, na hajakosea sana: Waganda huzikana nayo mpaka leo. Ila zamani ilikuwa vazi la kila siku, kabla misafara ya watu wa pwani haijaleta merikani, kitambaa cha pamba, katika karne ya 19. (Sisi wenye Kiswahili chetu tusijifanye hatuhusiki.)

Aliyenichokoza zaidi ni msanii Acaye Kerunen. Yeye huchukua mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi, akavifumua, akaviunganisha upya vikawa maumbo makubwa ya kuning'inia. Mwaka 2022, Uganda iliposhiriki maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa mara ya kwanza na banda lake, kazi zake na za Collin Sekajugo zilipata sifa maalumu ya majaji. Mwaka 2024 akarudi kama msimamizi wa banda, na safari hii kikundi cha wasukaji kiliandikwa katika orodha ya wasanii, pamoja na akina Gateja na Jose Hendo. Hilo nililishangilia peke yangu sebuleni.

Nilipokwenda mjini Bombo nikamwonyesha habuba, yaani bibi yangu, picha ya kazi ya Kerunen kwenye simu. Habuba anasuka makawa ya kufunikia chakula, yale yetu Wanubi ya rangi kali, na jicho lake halina huruma. Akaikuza picha kwa vidole, akanyamaza, akauliza, "Mkeka wa nani huu?" Nikamtajia msanii. "Huyo kaushona. Nauliza nani kausuka." Sikuwa na jibu. Akanionyesha mahali ambapo ukili mmoja umepanuka kidogo kuliko mwenzake: "Hapa aliitwa, akaenda, akarudi mkono umepoa."

Nikamuuliza kama angekubali kawa lake lifumuliwe. Akacheka. Alikubali upesi kuliko nilivyodhani, mradi alipwe kabla na si baada, na mfumuaji aje kukaa naye mkekani aone linavyoanzwa katikati. Suala la jina lake kuandikwa hakulitaja kabisa. Mimi ndiye niliyelishikilia.

Kwa hiyo sasa nadhani kikundi kuandikwa ukutani ni mwanzo mzuri, lakini ningetaka kusikia pia kazi ikiuzwa tena kwa bei ya juu, msukaji anapata nini. Kwenye maduka ya sanaa ya Buganda Road kikapu huuzwa kwa kubishana, na aliyekisuka hayupo hata kusikia mabishano. Kwenye majumba ya sanaa hakuna anayebishana, na msukaji hayupo vilevile. Nikipata msanii atakayenijibu hili waziwazi, nitaliandika hapa.